Barua moja, “he” na “she” za mtu mmoja: kutafuta na kurekebisha makosa ya viwakilishi vya Kiingereza

Binti mmoja aliniletea barua ya pendekezo aliyoandikiwa na msimamizi wake wa kazi, akitaka niipitie kabla hajaituma ng'ambo kuombea nafasi ya masomo. Ilikuwa barua nzuri, ya mtu anayemfahamu na kumthamini. Lakini mstari wa pili ulisema “she is hardworking”, wa nne ukasema “he respects his colleagues”, na chini karibu na saini, “I recommend her”. Jina la binti huyo ni miongoni mwa yale wanayopewa wavulana na wasichana vilevile. Msomaji wa mbali angejiuliza barua inamhusu mtu mmoja au wawili, na huenda angeanza kushuku kama mwandishi anamjua kweli huyo anayemsifia. Tukakaa, tukaisahihisha yote.

Makosa ya namna hii nayaona kila wiki katika insha, barua za kazi na ripoti za miradi. Mara nyingi aliyekosea huambiwa hajui sarufi. Sikubaliani kabisa. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili huingia darasa la kwanza akisema kiti kimevunjika, mti umeanguka, jiwe limeviringika, na hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Upatanisho wa kisarufi tumeunyonya na maziwa. Tatizo ni kwamba lugha hizi mbili zinauliza maswali tofauti. Kiswahili kinauliza: nomino hii ni ya ngeli gani? Kiingereza kinauliza: ni mtu au kitu, mwanamume au mwanamke, mmoja au wengi? Ukijibu swali la Kiswahili ndani ya sentensi ya Kiingereza, umekosea ilhali akili yako imefanya kazi yake sawasawa.

Ndiyo maana napenda kulitafuta kosa kwa kuanzia kwenye dalili, kisha kuuliza ni kanuni ipi ya Kiswahili iliyopenya. Ukishaijua, hutahitaji tena mtu wa kukusahihishia. Neno ambalo kiwakilishi kinalisimamia nitaliita nomino tangulizi, maana kwa kawaida ndilo hutangulia kutajwa. Katika “Asha lost her phone”, nomino tangulizi ya “her” ni “Asha”. Vimilikishi kama “his”, “her”, “its” na “their” nitavijumuisha humu humu, kwa sababu ugonjwa wao ni mmoja.

“He” na “she” zinabadilishana njiani

Chanzo cha kwanza kila mtu anakijua: yeye ni yeye. Anakuja, nimemwona, kalamu yake. Hakuna popote Kiswahili kinapotulazimisha kusema kama tunayemzungumzia ni mume au mke. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili hafiki kwenye “he” au “she” akiwa na jibu mkononi. Analichukua lililo karibu, hasa akizungumza kwa haraka au akichapa barua ndefu huku amechoka.

Kukariri jedwali la viwakilishi hakusaidii hapa, kwa sababu jedwali unalijua tayari. Kinachosaidia ni kuamua mara moja kabla ya kuanza. Andika juu ya karatasi jina la mtu na kiwakilishi chake, mathalani “Neema – she, her, hers”. Ukimaliza barua, tafuta kila “he”, “him” na “his” kwa kompyuta, moja baada ya nyingine, uulize: huyu ni nani? Barua ya kurasa mbili haimalizi dakika tano.

Chanzo cha pili kimejificha zaidi, na ndicho kinachowapata hata wanaozungumza Kiingereza vizuri. Soma hii: “Juma loves her mother.” Mwandishi alikuwa na maana ya mama yake Juma mwenyewe. Mbona ameandika “her”? Kwa sababu mama ni mwanamke, na katika Kiswahili kimilikishi hubeba alama ya kile kinachomilikiwa. Kitabu chake, vitabu vyake, nyumba yake, majirani zake: hiyo ch-, vy-, y- na z- imetoka kwa kitabu, vitabu, nyumba na majirani. Haikutoka kwa Juma. Sikio letu limezoea kusubiri nomino inayomilikiwa ndipo liamue umbo la kimilikishi. Kiingereza kinatazama upande wa pili, kwa mwenye mali.

Wenzetu wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma kwa Kifaransa hupigwa mara mbili, maana Kifaransa nacho hufuata kinachomilikiwa. “Son père” ni baba yake na “sa mère” ni mama yake, mwenye baba au mama awe mwanamume au mwanamke. Mtu aliyezoea lugha mbili zenye tabia hiyo akiandika “Asha is taking care of his father”, usishangae.

Tiba yake ni kidole. Funika kimilikishi na neno linalokifuata: “Juma loves ___”. Uliza: cha nani? Cha Juma. Juma ni mwanamume, basi ni “his”, kinachofuata kiwe mama, dada, shangazi au mkoba. Usipofanya hivyo, kosa si la alama tu. Msomaji Mwingereza akikuta “Asha is taking care of his father” ataelewa kwamba kuna mwanamume mwingine, na Asha anamuuguza baba wa mwanamume huyo. Utakuwa umesimulia kisa kingine.

Maziwa yamekuwa “them”, miwani imekuwa “it”

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapoonekana wazi kabisa chini ya Kiingereza.

“The milk is boiling, watch them.” Sentensi hii niliiona kwenye daftari la mwanafunzi wa kidato cha pili, mwalimu ameipigia mstari mwekundu na kuandika “it” pembeni bila maelezo. Mtoto akaniuliza kwa nini. Nikamwambia aniambie sentensi hiyo kwa Kiswahili. “Maziwa yanachemka, yaangalie.” Umeona? Maziwa yana-, yaangalie. Alama hiyo hiyo tunaitumia kwa matunda yameiva, yachume. Mayai yameoza, yatupe. Maziwa, maji, mafuta, mate, machozi, yote yamo katika ngeli hiyo na yote yanasikika kama wingi. Machozi, ni kweli, Kiingereza nacho huyaita “tears”, na “them” inakubalika. Lakini “milk”, “water” na “oil” kwa Kiingereza hazihesabiki, na kisichohesabika huchukua “it”.

Ukishalijua hilo, utaanza kuwaona jamaa wengine wa kosa hili kila mahali. Nywele zake ni ndefu, amezisuka: “Her hair is long, she has plaited them.” Inatakiwa “it”. Pesa zimekwisha, nimezitumia zote: “The money is finished, I spent them all.” Inatakiwa “it”. Mizigo imefika, ipakieni: “The luggage has arrived, load them.” Ni “it” tena. Habari nimezisikia, vifaa tumevinunua, samani tumezihamisha. “News”, “equipment” na “furniture” zote ni “it”. Mara nyingi kosa halikuanzia hata kwenye kiwakilishi. Mtu aliyeandika “furnitures” au “informations” ameshaifanya nomino yenyewe kuwa ya wingi, na “them” inafuata tu nyuma yake. Kurekebisha “them” peke yake huku “informations” imebaki ni sawa na kukausha sakafu bomba likiwa bado linavuja.

Sasa geuza. Miwani yangu iko wapi? Niliiacha mezani. Kwa Kiswahili miwani ni kitu kimoja, hata kama ina vioo viwili. Kwa Kiingereza: “Where are my glasses? I left them on the table.” Mkasi huu ni wangu, nirudishie: “These scissors are mine, give them back.” Suruali imechanika, naishona: “My trousers are torn, I am mending them.” Vitu vyenye pande mbili zilizoungana Kiingereza kinavihesabu kuwa wingi, na hakuna njia ya kulikisia hilo kutoka kwenye Kiswahili. Haya machache inabidi uyashike kwa kichwa.

Kuna pia kundi dogo la maneno yanayodanganya kwa herufi ya mwisho. “News”, “mathematics” na “physics” yana “s” lakini ni umoja: “Mathematics is hard, but I love it.” “Police” haina “s” lakini ni wingi: “The police said they were looking for the driver.” “People” vivyo hivyo.

Ukiwa na shaka, usibahatishe. Fungua kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, si ile ndogo ya tafsiri tu. Nyingi huweka herufi U kando ya nomino isiyohesabika na C kando ya inayohesabika. Herufi hiyo moja inakupa jibu la kiwakilishi, la kitenzi, na la kama unaweza kuweka “a” mbele.

“The trees lost its leaves”

Hili lilinisumbua muda mrefu kabla sijalielewa. Mtu anajua vizuri kwamba “trees” ni wingi. Anaandika “the trees are tall” bila wasiwasi. Halafu ghafla, “its leaves”. Kwa nini asiandike “their”?

Jibu liko kwenye -ake na -ao. Kwa watu tunatofautisha: mtoto na mama yake, watoto na mama yao. Kwa vitu, Kiswahili sanifu hutumia -ake hata vikiwa vingi: mti na majani yake, miti na majani yake; nyumba na milango yake, nyumba hizi na milango yake. Kwetu -ao inanukia uhai, ni ya wenye roho. Basi mwandishi anapofika kwenye “trees”, -ake inamjia, naye anaitafsiri “its”.

Kiingereza hakina ubaguzi huo. Wakiwa wengi, wawe watu, mbuzi, shule au mashine, ni “their”: “The trees lost their leaves”, “The schools and their teachers”, “The machines and their spare parts”. Ripoti za miradi zimejaa kosa hili, maana ripoti huongea zaidi juu ya vitu kuliko watu. Ukipitia ripoti, anza na “its”. Kwa kila moja, rudi nyuma hadi kwenye nomino tangulizi, uone kama ina “s” ya wingi.

Ukiwa hapo hapo, angalia pia kama hukuandika “it's” badala ya “its”. Hiyo yenye alama ya ritifaa ni kifupi cha “it is” au “it has”, basi.

Wanyama nao wana neno. Kwetu mbwa anabweka na nzi anaruka; kila mnyama, hata mdudu, anaingia ngeli ya mtu. Kwa Kiingereza mnyama usiyejua jinsia yake ni “it”: “The goat has broken its rope.” Mnyama wa nyumbani anayejulikana, au ambaye jina lake lenyewe linaonyesha jinsia, anaweza kuwa “he” au “she”: “The hen is sitting on her eggs.” Chagua moja, ubaki nayo hadi mwisho.

Mwenyewe katajwa mara mbili

“My father he works in Mombasa.” “The phone that I bought it yesterday is spoilt.” Kosa la kwanza limetoka kwenye a- ya anafanya kazi, ambayo Kiswahili hakikubali kuiacha hata baba akiwa ametajwa. La pili limetoka kwenye simu niliyoinunua, ambamo -i- inairudia simu. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi alama hizo, na nomino ikishasimama kwenye nafasi yake kiwakilishi hakina pa kukaa. Futa “he”. Futa “it”. Hakuna zaidi.

“Everyone… his? her? their?”

Kwa upande wa idadi, Kiswahili kinatusaidia. Kila mtu alete kitabu chake. Hatusemi kila mtu walete vitabu vyao. Kwa hiyo “everyone has”, “each student is”, “nobody knows” huwa hazitusumbui sana. Tunapoteleza ni pale penye wingi katikati: “Each of the girls have brought their books.” Neno “girls” limemvuta mwandishi. Kata “of the girls” kwa penseli, kinabaki “Each … has”.

Kisha linakuja swali ambalo watu hugombana nalo: baada ya “everyone” kifuate nini? Kiswahili kinasema chake, kimemaliza. Kiingereza kinataka jinsia, na “everyone” haina jinsia.

Kwa muda mrefu shule zilifundisha “he” na “his” kwa wote. Bunge la Uingereza lilifika hadi kuliweka jambo hilo kwenye sheria mwaka 1850: kwamba katika sheria zake, maneno ya kiume yahesabiwe kuwahusu na wanawake. Baadaye wakaja wa “his or her”, ambayo ni sahihi lakini ikirudiwa mara tano katika aya moja inachosha. Wakati wote huo watu wa kawaida walikuwa wanasema “their”: “Everyone has brought their book.” Si mtindo wa vijana wa leo. “They” ya mtu mmoja imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Kamusi ya Merriam-Webster iliiteua “they” kuwa neno lake la mwaka 2019, na mwongozo wa uandishi wa APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani) unaotumiwa na vyuo vingi, katika toleo lake la 7 lililotoka mwaka huohuo, unaikubali. Wapo pia watu wanaoomba waitwe “they” kwa sababu “he” na “she” haziwafai. Mtu akikuomba hivyo, mwite hivyo; kitenzi kinabaki cha wingi, “they are”, kama vile “you are” inavyotumika kwa mtu mmoja na hakuna anayelalamika.

Na kuna ushahidi ambao huwa nawaonyesha walimu wenzangu wanaokataa. Tunawafundisha watoto wetu maswali ya mkia: “Everyone has arrived, haven't they?” “Nobody called, did they?” Hiyo “they” tunaipa alama za vyema. Tunawezaje kuikubali kwenye mkia wa sentensi, halafu tukaikata nusu ukurasa mbele?

Hata hivyo, mwanafunzi hapimwi na mimi. Yuko mbele ya msahihishaji asiyemjua, na wapo bado wanaofuata kanuni ya zamani. Ushauri wangu kwa mtihani ni kulikwepa swali lenyewe kwa kuanza na wingi: “All students must bring their books.” Hapo hakuna shule ya zamani wala mpya itakayokukata alama. Katika barua na ripoti za leo, andika “their” bila hofu.

Wawili wametajwa, kiwakilishi kimfuate yupi?

Kwa “and” ni rahisi: wawili ni wengi. “Asha and Juma have done their work.” Angalia tu mtu mmoja mwenye vyeo viwili. Kama kikundi chenu kina mama mmoja ambaye ni katibu na pia mweka hazina, ni “The secretary and treasurer has submitted her report.” Wakiwa watu wawili, “the” hurudiwa: “The secretary and the treasurer have submitted their reports.” Katika mihtasari ya vikao nimeona “the” hiyo ikiachwa, na hesabu ya viongozi ikapungua mmoja.

“Together with” na “as well as” ni mtego kwetu. Tunasema mwalimu mkuu pamoja na walimu wake wametia saini zao, wingi mtupu. Kiingereza rasmi kinamtazama aliyetangulia peke yake: “The headmaster, together with the teachers, has signed his name.” Kama walitia saini wote, tumia “and” uondokane na utata.

“Either… or” na “neither… nor” hufuata aliye karibu. “Neither Juma nor his brothers have paid their fees.” Ukigeuza, “Neither the brothers nor Juma has paid his fees”, kanuni imetimia lakini sikio linakataa. Mweke mwenye wingi mwishoni, sentensi itatulia.

Timu, kamati, serikali

Kwa mashabiki wa mpira hili halina ugumu. Tunasema Simba imeshinda mechi yake, na tunasema Simba wameshinda mechi yao. Mara timu ni kitu kimoja, mara ni wachezaji wake. Kiingereza cha Uingereza kinaruhusu zote mbili: “The committee has finished its work” na “The committee have finished their work.” Marekani wanapendelea ya kwanza. Kinachokatwa alama ni kuchanganya, kitenzi cha umoja na kimilikishi cha wingi: “The committee has finished their work.” Amua mwanzoni mwa ripoti. Mimi huchagua umoja, kwa sababu unakubalika pande zote mbili za bahari.

Sentensi ni sahihi, lakini haieleweki

Dalili hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa maana hakuna kosa la kupigia mstari. Chukua kisa cha jikoni. Kikombe kimeanguka juu ya sahani. Kwa Kiswahili nikisema kikavunjika, unajua ni kikombe. Nikisema ikavunjika, unajua ni sahani. Silabi moja tu, ki- au i-, imekwambia uokote vigae vya kipi. Sasa iandike kwa Kiingereza: “The cup fell on the plate and it broke.” Nini kimevunjika? Sentensi haisemi.

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili anapoponzwa na utajiri wa lugha yake. Kichwani mwake ngeli zimeshatenganisha kila kitu, hivyo haoni utata. Gari liligonga mti ukaanguka. Gari liligonga mti likapinduka. Kwake ni visa viwili tofauti kabisa. Kwa Kiingereza vyote viwili vinaweza kutoka na “it” ile ile, na anayejaza fomu ya bima kwa Kiingereza anaweza kuwa ameandika kwamba lililoanguka ni gari. Tiba haina ujanja: rudia nomino. “The car hit the tree, and the tree fell.” Shuleni tulionywa tusirudierudie maneno. Hapa rudia. Kueleweka kunatangulia uzuri.

Kwa watu, Kiswahili nacho kina utata uleule, kwa hiyo tunaweza kuusikia. “Asha told Mariam that her mother was ill.” Asha alimwambia Mariamu kwamba mama yake anaumwa. Mama wa nani? Kama ni wa Mariamu, ni habari ya kumwambia mtu akae kwanza. Badilisha umbo: “Asha told Mariam, 'Your mother is ill.'” Au taja jina tena.

Dada wa tatizo hili ni “they” isiyo na mwenyewe. Nilipofika hospitali wakaniambia nisubiri. Kwetu ni kawaida kabisa, wahusika wanaeleweka. Katika barua ya malalamiko au ripoti ya Kiingereza, “they told me to wait” itaulizwa: akina nani? Andika “the nurse” au “the receptionist”. Na ukianza na “a person”, usihamie “you” katikati. “If a person wants to succeed, you must work hard” imetoka moja kwa moja kwenye mtu akitaka kufanikiwa lazima ujitume, inayopendeza masikioni petu. Kiingereza cha kuandika kinataka mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho: “If you want to succeed, you must work hard.”

Jaribu mwenyewe

Hii hapa aya niliyoitunga kwa makosa ninayokutana nayo. Isome na penseli mkononi. Zungushia kila kiwakilishi na kila kimilikishi, kisha chora mshale kurudi kwenye nomino yake. Mshale usiopata pa kwenda, au unaoweza kwenda sehemu mbili, ndio wa kurekebisha.

“My aunt runs a small restaurant with his husband. Every morning she buys milk and boils them. Each customer has their own cup, and the cups hang on its hooks near the door. Last week the market committee visited them, and they said they must repair the roof.”

Mshale wa “his” unatakiwa uende kwa shangazi, si kwa mume: “her husband”. “Them” ya maziwa ni yaangalie iliyovaa Kiingereza: “it”. “Its hooks” ni -ake ya vikombe: “their hooks”. Mstari wa mwisho una “them” moja na “they” mbili, na mishale yake inapishana. “Them” ni shangazi na mumewe, au vikombe vilivyotajwa mwisho? “They” ya kwanza ni kamati. Ya pili ni wenye mkahawa, au ni kamati hiyo hiyo imejitwisha kazi ya paa? Kwa watu wanaoweza kudaiwa gharama ya mabati, tofauti hiyo ni kubwa.

“My aunt runs a small restaurant with her husband. Every morning she buys milk and boils it. Each customer has their own cup, and the cups hang on their hooks near the door. Last week the market committee visited the restaurant and told my aunt and her husband to repair the roof.”

“Their own cup” nimeiacha kama ilivyokuwa. Ingekuwa karatasi ya mtihani, ningeandika “The customers have their own cups”.